Kona za Mombo–Lushoto si adui yako: ogopa joto la breki na maji ya mlimani

*"Shikamoo Mhandisi. Mwezi wa nne tunakwenda Lushoto kwenye harusi ya mdogo wangu. Nitaendesha mwenyewe kutoka Dar es Salaam. Gari ni Noah ya otomatiki, na tutakuwa watu saba na mizigo. Mara ya mwisho, tulipokuwa tunashuka kurudi Mombo, breki zilinuka kama kitu kinaungua na pedali ikawa laini. Tulifika chini kwa kudra za Mungu. Mjomba wangu, aliyeendesha malori miaka mingi, ananiambia kwenye mteremko niweke nyutro ili injini ipumzike na mafuta yasiliwe. Mume wangu anasema tatizo si breki, ni barabara. Ni kipande kifupi tu cha kilomita thelathini na kitu, kwa nini kona zile zisinyooshwe? Yeye anataka tuzungukie Korogwe na Bumbuli kuikwepa kabisa. Nani yuko sahihi, na je, niache kuendesha?"*

Marahaba, dada yangu, na Mungu aijalie harusi ya mdogo wako. Umeuliza kuhusu breki, nyutro, kona na njia ya Bumbuli, lakini naona linalokusumbua ni moja: utawapandisha watu saba mlimani na kuwarudisha salama? Ndiyo, unaweza, kwa sharti kwamba gari halitoki Dar es Salaam kabla fundi hajazifungua breki hizo, na kwamba utashuka kwa gia wala si kwa mguu. Mume wako ana sehemu ya haki kuhusu barabara. Mjomba, pamoja na heshima zote anazostahili, ushauri wake wa nyutro usiufuate hata kwa mita mia moja.

Nianze na barabara yenyewe, maana ukiielewa, mengine yote yanaeleweka. Mombo iko tambarare, kwenye barabara kuu inayotoka Chalinze na Segera kwenda Moshi na Arusha, kwenye mwinuko wa mita mia nne na kitu tu kutoka usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita 33 hivi za lami, na ndani yake unapanda karibu mita 1,000. Kupanda huko hakukugawanywa sawasawa. Sehemu kali ni kutoka Mombo hadi Soni, ambako barabara imejibana kwenye korongo, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Ukishapita Soni kona zinaendelea, lakini mlima unakuwa na huruma kidogo hadi Lushoto mjini. Kwa hiyo ile hofu uliyoipata ilikukuta pale hasa inapowakuta wengi: kipande cha chini, wakati wa kurudi, breki zikiwa zimeshafanya kazi tangu juu.

Sasa kona. Watu wengi wanaamini kona ni uzembe wa waliochonga barabara, na kwamba wangekuwa na fedha au mitambo wangepita moja kwa moja. Siku mkiwa Lushoto, nendeni Irente mkasimame ukingoni mtazame Mazinde kule chini. Hapo mtaona kwa macho yenu kwamba milima ya Usambara haishuki kwa taratibu kuelekea tambarare, bali inakatika. Barabara inayopanda mita 1,000 kwa mwinuko wa asilimia 10, ambao tayari ni mkali mno kwa fuso lililojaa kabichi, inahitaji kilomita 10 za urefu. Ukitaka mwinuko wa asilimia 5, ambao gari lolote zima linaumudu, unahitaji kilomita 20. Urefu huo hauko mbele yako kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mhandisi anautafuta kwa kuizungusha barabara kwenye kila bega la mlima. Zikinyooshwa kona, barabara itakuwa fupi zaidi, na mteremko utakuwa mkali zaidi kwa kiasi hichohicho. Breki zako zilizonuka kwenye barabara yenye kona zingekuwa na hali gani kwenye hiyo iliyonyooka?

Hata waliotangulia kuuhangaikia mlima huu walijifunza hivyo. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, wakati Lushoto ikiitwa Wilhelmsthal na Wajerumani, na kutoka kituo hicho mizigo ilibidi ipandishwe kwa kuzungukazunguka mlimani. Kule Mkumbara, mbele kidogo ya Mombo, waliokuwa wakivuna magogo ya Shume hawakuhangaika hata na barabara. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walitandika waya wa chuma kutoka mlimani hadi relini na kuyashusha magogo yakining'inia hewani. Mlima unaowafanya watu watandike waya badala ya kuchonga barabara si mlima wa kunyoosha kona.

Hata hivyo mume wako nusu ya jambo ameiona. Barabara ni nyembamba kwa magari ya leo, na kuna mahali ambapo kona inaweza kupanuliwa, ukuta wa kuzuia udongo ukajengwa, kingo za chuma zikaongezwa na alama zikawekwa zinazoonekana usiku. Hayo ni madai halali, na yapelekwe panapohusika. Barabara hii si ya halmashauri kama wengi wanavyodhani. Iko chini ya TANROADS, wakala anayesimamia barabara kuu na za mikoa, kupitia ofisi ya meneja wa Mkoa wa Tanga. TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017, inahusika na njia za ndani zinazotoka kwenye hii kwenda vijijini. Malalamiko mengi mazuri yanapotea kwa sababu yamepelekwa mlango usio wake.

Lakini hata kupanua kuna gharama ambayo haionekani kwenye hesabu ya shilingi, na hapa naomba unisikilize kwa utulivu. Ili uongeze mita tatu za upana kwenye korongo, ama ujenge kuelekea bondeni juu ya ukuta mrefu, ama uukate mlima upande wa juu. Ukiukata, unauacha umesimama wima zaidi ya ulivyozoea. Miamba ya Usambara ni ya kale sana, na juu yake kuna udongo mwekundu mzito uliotokana na mwamba kuoza kwa muda mrefu usiohesabika. Wakati wa kiangazi udongo huo unasimama kama ukuta. Masika yakija, maji yanajaza nafasi ndogo zilizo kati ya chembe zake, yanauongezea uzito na papo hapo yanazisukuma chembe ziachane. Ule mshikamano uliokuwa unaushikilia mlima unalegea, na siku moja, mara nyingi baada ya mvua kunyesha siku kadhaa mfululizo, udongo, mawe na miti vinashuka barabarani.

Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi ya barabara za milimani tunakesha kwa ajili ya mitaro kuliko kwa ajili ya lami. Mtaro wa upande wa mlima ukiziba, kwa majani ya migomba, kwa mchanga, au kwa mtu aliyeufukia apate njia ya kuingilia kwake, maji hayapotei. Yanavuka juu ya lami na kuanza kula ukingo wa upande wa bondeni, au yanazama chini ya barabara na kuifanya laini. Kalvati, lile bomba la kupitishia maji chini ya barabara, likiziba ni hivyo hivyo. Ukiona ufa mrefu kwenye lami unaofuata ukingo wa bonde, usidhani ni uchakavu wa kawaida. Huenda ukingo umeanza kuondoka. Na mkulima anayelima hadi mdomoni mwa barabara bila matuta wala majani ya kushika udongo, simlaumu kwa kutafuta riziki, kwa sababu ardhi ya Lushoto ni finyu na watu ni wengi, lakini mvua inapokuja shamba lake na barabara vinaondoka pamoja.

Turudi kwenye gari lako. Noah yenye watu saba na mizigo inakaribia tani mbili. Tani mbili zikishushwa mita 1,000, nguvu inayotoka hapo inatosha kuchemsha takriban lita 60 za maji ya baridi, yaani ndoo tatu kubwa za lita ishirini, kutoka baridi hadi kutokota. Nguvu hiyo haiwezi kufutika. Sehemu yake huliwa na hewa na matairi. Inayobaki ina mahali pawili tu pa kwenda: kwenye injini, ambayo ina maji na rejeta na imeumbwa kuhimili joto, au kwenye vipande vinne vya chuma vilivyo ndani ya magurudumu yako. Mara ya mwisho uliipeleka kwenye magurudumu.

Ile harufu ilikuwa ya pedi, vile vipande vinavyoibana diski ya gurudumu unapokanyaga breki. Zikipata joto kupita kiasi, gundi inayoshikilia mchanganyiko wake huanza kuungua, na pedi iliyoungua hukamata kidogo hata ukikanyaga kwa nguvu zako zote. Kama magurudumu ya nyuma yana breki za dramu, yaani kopo la chuma linalozunguka na gurudumu na kushikwa kwa ndani, joto huitanua dramu ikae mbali kidogo na kile kinachopaswa kuishika. Kilichonitia hofu zaidi katika maelezo yako ni pedali kuwa laini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogokidogo mwaka hadi mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya kabisa huchemka kuanzia nyuzi 205 hivi, lakini yakishanyonya maji, kiwango chao kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa, tofauti na mafuta. Mguu wako ulikuwa unabana mvuke badala ya kusukuma breki. Gari likipoa pedali hurudi kuwa ngumu, na mtu hudhani gari limepona. Halijapona. Mafuta yale bado yana maji, na safari ijayo yatachemka mapema zaidi.

Kwa hiyo angalau wiki moja kabla ya safari, lipeleke gari kwa fundi wa breki unayemwamini, na mweleze yaliyotokea, maana akilikuta gari limepoa hataona tatizo. Afungue magurudumu yote manne, apime unene wa pedi na hali ya diski, aangalie dramu na mabomba, kisha amwage mafuta yote ya breki na kuweka mapya, si kuongezea juu ya yaliyopo. Kazi hii siwezi kukufanyia kwa maandishi, na wala mjomba hawezi kuifanya kwa simu. Lazima mtu aone kwa macho na kushika kwa mkono.

Nyutro sasa. Mjomba mpe salamu zangu, na usibishane naye mbele ya watu, lakini jambo hili lijue mwenyewe. Zamani za magari ya kabureta, kwenye suala la mafuta peke yake, maneno yake yalikuwa na ukweli kidogo. Injini ya leo inayopulizia mafuta kwa kompyuta hufanya kinyume. Ukiwa kwenye gia na umeondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hukata mafuta kabisa. Ukiweka nyutro, injini inabaki peke yake, na ili isizime inalazimika kuendelea kunywa. Basi hata hicho kidogo ulichotaka kuokoa hukiokoi. Na umeshaikabidhi ile nguvu ya ndoo tatu yote kwa breki. Kuzima injini kabisa ni kubaya zaidi: breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyaga mara chache, na usukani unakuwa mzito, au unajifunga ukiuchomoa ufunguo.

Fanya hivi. Ukitoka Lushoto, kabla mteremko haujaanza na mwendo ukiwa bado mdogo, zima kile kifungo cha O/D (kinachoruhusu gia ya juu kabisa) kama gari lako linacho, kisha shusha gia hadi 2. Penye ukali zaidi weka L, gia ya chini kabisa. Injini itanguruma, na abiria watakuuliza kama gari limeharibika. Waambie hiyo ndiyo sauti ya breki yako mpya. Ili mradi mshale wa mzunguko haujafika kwenye eneo jekundu, injini haiumii. Wazee wa barabara husema shuka kwa gia uliyopandia. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, lakini kwa magari ya sasa yenye nguvu nyingi ya kupandia, mara nyingi utahitaji gia ya chini zaidi ya hiyo wakati wa kushuka. Kipimo ni hiki: ukiona unagusa breki kila baada ya sekunde chache hata penye njia iliyonyooka, gia bado ni kubwa.

Breki yenyewe ikanyage mapema, kabla ya kona, kwa uthabiti, gari lipungue mwendo kweli, kisha iachie ipoe. Kuiburuza kwa mguu mwepesi mfululizo kutoka juu hadi chini ndiyo njia ya uhakika ya kuichemsha. Ndani ya kona usikanyage kwa ghafla. Na mwendo uwe mdogo kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu anayetembea kilomita 60 kwa saa ana nguvu mara nne ya anayetembea 30, wala si mara mbili, na breki italipa zote nne.

Simameni Soni. Si kwa sababu gari limeshindwa, bali kwa sababu mko katikati na kipande kikali bado kiko mbele yenu. Kuna soko, nunueni matunda, watoto wanyooshe miguu, na breki zipate nusu saa. Ukisikia ile harufu tena, usimwagie maji magurudumu. Diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi hupinda au hupasuka. Breki ya mkono pia usiivute ikiwa ya moto. Weka P na uzuie magurudumu kwa mawe makubwa. Mkiondoka, hakikisheni mawe hayo mmeyatoa barabarani.

Na ikitokea pedali imezama kabisa mkiwa njiani: ikanyage harakaharaka mara kadhaa, huenda ikajenga nguvu kidogo. Shusha gia moja baada ya nyingine, vuta breki ya mkono polepole huku umebana kifungo chake uweze kuiachia magurudumu yakitaka kuteleza, piga honi, washa taa. Kama havitoshi, ulikwaruze gari kwenye ukingo wa upande wa mlima. Utaharibu bodi. Bodi inanyooshwa.

Kuhusu kuzunguka kwa Korogwe, Dindira na Bumbuli hadi kutokea Soni, namwelewa mume wako, lakini kwa mwezi wa nne simshauri. Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 70, sehemu kubwa yake haina lami, na yenyewe inapanda mlima uleule kwa kona zilezile, ila kona hizi zina tope. Masika yanaanza mwezi wa tatu na kuendelea hadi wa tano, na gari la chini lenye watu saba si la kulipeleka huko. Kiangazi kikiwa kimekolea, mkiwa na gari la juu na hamna haraka, ni njia nzuri ya kupita katikati ya mashamba ya chai. Haikwepi hatari mnayoiogopa, inaibadilisha tu.

Mwezi wa nne hatari yenyewe ni mvua, na hapo ningependa uwe na ukali na nafsi yako. Panga mfike Mombo si baada ya saa tisa alasiri, ili mpande mchana. Mkifika mkakuta mvua kubwa inanyesha mlimani, waulizeni madereva wa Haisi na mafuso waliotoka juu saa hiyo. Wao wanajua kama kuna udongo umeshuka kuliko mtu yeyote aliyeko ofisini. Wakisema subirini, subirini, hata ikibidi kulala Mombo. Harusi haianzi alfajiri. Mkiwa njiani mkaona mawe madogo yanadondoka, au maji ya mtaroni yaliyokuwa meupe yamegeuka ghafla kuwa mekundu mazito, msisimame chini ya mlima huo kupiga picha. Songeni hadi mahali palipo wazi, kisha toeni taarifa kwa polisi kwa namba 112 na kwa serikali ya kijiji kilicho karibu, ili wapeleke habari TANROADS. Lundo la udongo lililokwisha kushuka msilivuke kwa miguu wala kwa gari hata mkiona wengine wanavuka, kwa sababu mlima uliomega mara moja mara nyingi bado haujamaliza.

Kuna madogo machache yamebaki, hasa ya wakati wa kupanda. Mizigo mizito iwekeni ndani, chini, si juu ya keria, kwa maana uzito wa juu ndio unaoliinamisha gari kwenye kona. Tazama mshale wa joto. Ukianza kupanda, zima kiyoyozi, na ukizidi, simama penye nafasi uache injini ipoe. Mfuniko wa rejeta usiuguse ikiwa ya moto. Ukikutana na gari linalopanda wakati wewe unashuka penye wembamba, mpishe yeye. Fuso likisimama kwenye mlima ni kazi kubwa kuondoka tena.

Umeniuliza kama uache kuendesha. Aliyetambua harufu, akahisi pedali, na akauliza kabla ya safari ya pili, huyo ana masikio ya udereva. Sioni sababu ya wewe kuuachia usukani. Ila kama usiku mmoja kabla ya safari bado tumbo linakukata kwa hofu, mtafuteni Mombo dereva mwenyeji wa njia hii akushikie usukani wakati wa kupanda, wewe ukae pembeni umtazame anavyotumia gia, kisha kurudi ushuke mwenyewe mchana kweupe. Na kama fundi akifungua magurudumu akakuambia kuna kitu hakitapatikana kabla ya harusi, usimwombe abahatishe. Yapo mabasi yanayotoka Dar es Salaam hadi Lushoto moja kwa moja, na madereva wake wanaijua kila kona. Kateni tiketi saba, gari libaki nyumbani.